Soko la hisa la India: mwaka wao unaisha mara tatu, jipange hivi

Soko la hisa la Mumbai linafunguliwa saa tatu na robo asubuhi kwa saa za kwao, na huku pwani hiyo ni saa kumi na mbili na dakika arubaini na tano, jua ndo kwanza linachomoza, halafu wanafunga saa saba kamili ya mchana kwa saa zetu. Mimi hizo saa zinanifaa sana manake naangalia bei na kikombe cha chai kabla sijafungua duka, na nikifunga kwenda kula wao pia washafunga. Sasa kila ikifika Desemba napata zile meseji, shemeji huyu, binamu yule, "mwaka unaisha, tununue nini India, tuuze nini?" Na kila mwaka nawajibu kitu kimoja: mwaka upi? Kule mwaka unaisha mara tatu bana, na ule wa Desemba ndo una kazi ndogo kuliko yote.

Kabla sijaendelea, jambo moja dogo. Nikisema NSE hapa nina maana ya ile ya India, National Stock Exchange, sio ya Nairobi. Herufi ni zilezile na nishaona mtu akitafuta bei ya Safaricom kwenye apu ya broka wa India, sicheki, yanatokea. Kule kuna soko mbili kubwa, BSE ya pale Dalal Street iliyoanza 1875, na hiyo NSE iliyoanza biashara 1994. Kipimo cha BSE kinaitwa Sensex, kina kampuni 30, na cha NSE kinaitwa Nifty, kina kampuni 50. Wa kuwasimamia wote ni SEBI. Basi.

Kwanza jua wewe ni nani kwa macho ya India

Mwongozo huu ni wa watu wa aina tatu na hatua haziko sawa kwa wote. Kuna anayeishi India kabisa, huyo ana uhuru wote. Kuna NRI, yaani raia wa India anayeishi nje, pamoja na sisi wenye kadi ya OCI, ile ya watu wa asili ya India wenye uraia wa nchi nyingine, wazee wetu walitoka Gujarat au Kutch na jahazi, sisi tumezaliwa Mombasa, Zanzibar, Dar, Kampala. Sisi tunafungua akaunti ya benki aina mbili, NRE ambayo pesa yake unaitoa India bila maswali, na NRO ambayo kuitoa kuna kikomo cha dola milioni 1 kwa mwaka wa fedha na makaratasi ya mhasibu, halafu unaunganisha na akaunti ya demati ambayo ndo inashika hisa zenyewe. Na kumbuka NRI haruhusiwi kununua na kuuza hisa ileile siku moja, hiyo itatusumbua huko mbele.

Wa tatu ni mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania asiye na OCI. Wewe ndugu yangu njia nyepesi ni kununua mfuko wa hisa za India ulioorodheshwa soko la Marekani, kwa mfano INDA, kupitia broka wa nje. Hesabu zako za kodi haziendi Delhi kama zetu kwa hiyo hatua za kodi hapa chini zipite tu, soma sehemu ya Desemba na ya rupia.

Hatua ya 1: weka miaka mitatu kwenye kalenda

Mwisho wa kwanza ni Diwali. Kwa wafanyabiashara wa Gujarat mwaka mpya wa hesabu unaanza hapo, unaitwa Samvat, na ule ulioanza Diwali ya 2025 ni Samvat 2082. Babu yangu alikuwa na duka la leso Biashara Street na siku hiyo alikuwa anafungua daftari jipya jekundu, chopda, linawekwa mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, linapakwa alama, hakuna anayeandika deni siku hiyo. Soko la hisa nalo limeshika desturi hiyohiyo, wanafungua kwa saa moja tu, wanaita Muhurat, BSE wamekuwa wakiifanya tangu 1957. Kawaida huwa jioni ila 2025 waliifanya mchana, tarehe 21 Oktoba saa 7:45 hadi 8:45 mchana ya kule. Mkakati wangu wa Muhurat ni mfupi: nunua hisa chache za kampuni unayotaka kukaa nayo miaka, kama sadaka ya kuanzia mwaka, uache. Wanunuzi na wauzaji ni wachache saa hiyo, bei inaruka bila sababu, kwa hiyo usipeleke oda kubwa na usipeleke oda isiyo na bei.

Mwisho wa pili ni 31 Desemba, huo wa kila mtu. Wa tatu ni 31 Machi. Mwaka wa fedha wa India unaanza 1 Aprili unaisha 31 Machi, na kodi yako yote inapimwa hapo. Huu ndo unaokula au kuokoa pesa yako. Mtu anayefanya usafi wa hisa zake Desemba akidhani ndo mwaka unaisha hajafanya dhambi, amewahi tu miezi mitatu, lakini yule anayeshtuka tarehe 5 Aprili huyo hana la kufanya tena mpaka mwakani.

Hatua ya 2: Desemba, fanya kidogo

Desemba ina tarehe moja ya maana na watu wengi hawaijui, tarehe 15. Kama kodi yako ya mwaka inafika rupia 10,000 kwenda juu unatakiwa kulipa kwa awamu, na ikifika 15 Desemba uwe umeshalipa asilimia 75, halafu yote ifikapo 15 Machi. Ukichelewa wanakuongezea riba, si kubwa lakini ya nini.

Halafu kuna hadithi ya Krismasi. Watakwambia Desemba soko hupanda. Sawa, kuna miaka imepanda. Lakini chukua 2024: Nifty ilikuwa imefika 26,277 mwisho wa Septemba, Oktoba wawekezaji wa nje wakauza hisa za zaidi ya rupia krore 90,000 (krore moja ni milioni 10, laki mnaijua ni laki ileile yetu), Novemba ikafunga karibu 24,131, kila mtu akasema sasa zimeshuka tununue za Krismasi. Desemba ikafunga 23,644. Mwanzo wa Machi 2025 iko 22,000 na kitu. Waliokopa kununua "za Krismasi" walipata homa.

Kinachotokea Desemba ni kwamba mameneja wa mifuko ya Ulaya na Marekani wanaenda likizo, mauzo yanapungua, na sokoni kukiwa na watu wachache mtu mmoja mwenye mfuko mkubwa anaweza kusukuma bei ya hisa ndogo, yaani za kampuni ndogo, juu ama chini. Si umeona sokoni Kongowea siku ya mvua, wauza nyanya wawili tu, bei wanapanga wao. Kwa hiyo kama lazima ununue au uuze Desemba tumia oda ya bei maalum, uandike bei unayotaka, wala usibonyeze ile ya "bei yoyote ya soko". Soko linafungwa 25 Desemba tu, tarehe 31 na 1 Januari wanafanya kazi kama kawaida, wasikudanganye kuna likizo ndefu.

Kitu cha kufanya Desemba ni kusoma. Katikati ya Januari kampuni zinaanza kutoa matokeo ya robo ya tatu, TCS, ile kampuni ya kompyuta, huwa miongoni mwa za mwanzo, halafu 1 Februari waziri wa fedha anasoma bajeti na siku hiyo soko linafunguliwa hata ikiwa wikendi, 2025 ilikuwa Jumamosi na walifungua. Bajeti inaweza kubadilisha kodi ya hisa asubuhi hiyohiyo. Mwaka 2024 kulikuwa na uchaguzi kwa hiyo bajeti kamili ikasomwa 23 Julai na viwango vya kodi ya faida ya hisa vikapanda siku ileile, waliouza tarehe 22 na waliouza tarehe 23 wakalipa tofauti. Ndo maana sipendi kufunga hesabu zangu kabla ya bajeti.

Hatua ya 3: Februari, toa ripoti na ugawe hisa zako mafungu

Bajeti ikishapita, ingia kwenye apu ya broka wako, awe Zerodha, awe Groww, awe nani, tafuta ripoti ya kodi ya faida na hasara. Usitazame ile rangi ya kijani na nyekundu ya skrini ya kwanza, hiyo haikwambii umekaa na hisa muda gani, na muda ndo kila kitu hapa.

Sheria ni hivi. Hisa iliyoorodheshwa ukiishika zaidi ya miezi 12 ukaiuza kwa faida, hiyo ni faida ya muda mrefu, kodi yake 12.5%, na laki moja na robo ya kwanza, yaani rupia 125,000 kwa mwaka mzima, haitozwi. Ukiuza ndani ya miezi 12 ni faida ya muda mfupi, kodi 20%, hakuna msamaha. Juu ya kodi yenyewe wanaongeza tozo ya afya na elimu ya 4% ya hiyo kodi. Kuanzia 1 Aprili 2026 India inatumia sheria mpya ya kodi ya mapato ya mwaka 2025 badala ya ile kuukuu ya 1961, namba za vifungu zimebadilika kwa hiyo mhasibu akikutajia namba usiyoijua usishangae.

Chukua karatasi, gawanya mafungu manne: faida ambayo ushaiuza ya muda mfupi, faida ushaiuza ya muda mrefu, halafu zile bado unazishika zenye faida, na bado unazishika zenye hasara. Kwenye hizo unazoshika andika tarehe ya kununua pembeni. Hapa ndo utaona vitu vya ajabu, kwa mfano hisa uliyonunua 20 Aprili mwaka uliopita, ikifika Machi ina miezi kumi na moja, ukiiuza kwa pupa unalipa 20% na ungengoja wiki tatu zaidi ungelipa 12.5%, na hiyo faida ingeingia mwaka mpya wa fedha wenye laki na robo mpya. Wiki tatu tu bana.

Hatua ya 4: vuna hasara, lakini kwa akili

Hii ndo kazi kubwa ya Machi. Hasara ambayo hujauza haina maana kwa kodi, ni huzuni tu. Ukiiuza inakuwa kitu cha kukata faida.

Tuseme mwaka huu ushauza hisa kadhaa ukapata faida ya muda mfupi rupia 200,000. Kodi yake ni 40,000. Halafu una hisa nyingine imelala chini kwa rupia 80,000 na huoni sababu ya kuishika. Ukiiuza kabla ya mwisho wa Machi, faida yako inabaki 120,000, kodi 24,000. Umebakisha 16,000 mfukoni kwa kitu ambacho ungekiuza hata hivyo.

Utaratibu wa kukata uko hivi, na usiuchanganye. Hasara ya muda mfupi inakata faida yoyote, fupi au ndefu. Hasara ya muda mrefu inakata faida ndefu peke yake. Kwa hiyo hasara fupi ni mali, itumie kwenye faida fupi inayotozwa 20%. Na kama una hisa yenye hasara inayokaribia miezi 12, iuze kabla haijavuka, manake ikivuka inageuka hasara ndefu na nguvu yake inapungua. Faida unaingoja ivuke mwaka, hasara usiingoje.

Sasa mtego. Ukiwa umenunua hisa za kampuni moja mara mbili, India inahesabu kwamba iliyoingia mwanzo kwenye akaunti ndo inatoka mwanzo. Mfano umenunua hisa 100 mwaka 2022 kwa rupia 500, halafu 100 nyingine mwaka jana kwa 900, leo bei 700. Unasema acha niuze zile za 900 nivune hasara ya 20,000. Huwezi. Ukiuza 100, zinatoka zile za 500 na umepata faida ya 20,000! Nilifanya hivyo mara moja, nikabaki natazama ripoti kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kuna watu wanakuwa na akaunti mbili za demati kwa sababu hii tu, moja ya kukaa, moja ya kufanyia biashara, na wana haki.

Unaweza kuinunua tena hisa uliyouza kwa hasara? Marekani wana sheria ya kungoja siku 30, India hawana kizuizi kama hicho kwa hisa za kawaida. Lakini usiuze na kununua siku ileile kwenye akaunti ileile, hapo wanasema hisa haikutoka, ni biashara ya siku moja, na hasara yako haijavunwa. Uza leo, nunua kesho. Kwa sisi NRI ndo kabisa, ya siku moja hairuhusiwi. Usiku huo mmoja bei inaweza kuruka, hiyo ndo gharama, kubali. Pia wana sheria ya kuzuia wale wanaonunua hisa karibu na gawio au hisa za bonasi halafu wanauza kwa hasara ya kutengeneza, usijaribu huo ujanja, washaujua zamani.

Hatua ya 5: tumia laki na robo yako

Hii watu wanaisahau kwa sababu haiumi. Ule msamaha wa rupia 125,000 usipoutumia ukifika 31 Machi umekufa, hauhami kwenda mwaka unaofuata.

Hesabu yangu ya mfano: hisa za kampuni moja ulizonunua kwa 300,000 leo ni 420,000 na zina zaidi ya mwaka. Faida 120,000, ndefu. Ukiuza, kodi sifuri kama huna faida nyingine ndefu. Kesho yake unanunua tena kwa bei ya soko, tuseme 420,000. Sasa bei yako ya kununulia mbele ya mtoza kodi ni 420,000 sio 300,000. Siku za mbeleni ukija kuuza umeokoa 12.5% ya 120,000, yaani 15,000. Gharama yake ni kodi ya muamala ya 0.1% unapouza hisa na 0.1% unaponunua, hapo kama 840, na ushuru wa stempu 0.015% ya kununua, 63, na vijisenti vya broka na demati. Chini ya elfu moja na kitu kuokoa elfu kumi na tano. Fanya kila mwaka kidogo kidogo, kama kupunguza maji kwenye mtumbwi.

Mambo mawili ya kuangalia. Moja, ukinunua tena saa ya miezi 12 inaanza upya, kwa hiyo usifanye hivi na pesa ambayo utaihitaji Agosti ya ada ya shule. Pili, na hili hata wahasibu wengine wanalipita, usivune hasara ndefu na faida ndefu mwaka mmoja bila kupiga hesabu, manake hasara inakatwa kwanza kabla ya msamaha. Una faida ndefu 120,000, tayari haitozwi, ukaongeza hasara ndefu ya 70,000, umeiunguza hasara yako kufunika kitu kilichokuwa bure. Iache hiyo hasara mwaka mwingine wenye faida kubwa.

Kwa NRI, kodi inakatwa palepale unapouza kwa faida kabla pesa haijaingia benki, kwa hiyo hata mahesabu yako yakiwa mazuri usishangae ukipokea pungufu, kilichokatwa zaidi unakidai kwa kujaza ritani. Na kuna ubaguzi mmoja: anayeishi India mwenye kipato kidogo anaweza kufunika faida ya hisa na kile kiwango cha kipato kisichotozwa kodi, sisi wa nje haturuhusiwi. Ukiona binamu wa Rajkot anajisifu hakulipa hata senti kwa faida ya laki tatu, usimuige.

Hatua ya 6: usingoje 31

Mwaka 2025 nilikuwa na hisa ya kampuni ndogo ya kemikali, imeshuka vibaya, nikasema ntaiuza Jumatatu tarehe 31 Machi, siku ya mwisho, labda itajivuta kidogo. Asubuhi nimeamka na chai yangu saa kumi na mbili na nusu, nafungua apu, kimya. Nikadhani intaneti. Nikazima simu, nikawasha. Jirani anagonga mlango na sahani ya biriani, "Idd Mubarak", hapo ndo akili ikanijia. India nao wamefunga kwa Idd! Jumamosi na Jumapili hakuna soko, siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa tarehe 28 na mimi Ijumaa nilikuwa napanga mzigo wa duka. Biriani ilikuwa nzuri lakini ilinigharimu.

Na sio mwaka huo tu. 2024 tarehe 29 Machi ilikuwa Ijumaa Kuu, halafu wikendi, kwa hiyo siku ya mwisho ilikuwa Alhamisi tarehe 28. Holi inaangukia huko Machi pia. Siku hizi hisa zinahama ndani ya siku moja baada ya muamala, tangu Januari 2023 ndo utaratibu kwa soko zima, lakini bado nakwambia maliza mauzo yako yote kufikia tarehe 20 Machi. Wiki ya mwisho kila mtu anauza takataka zake na hisa ndogo zinaumia zaidi, hakuna wa kununua. Tarehe 13 Machi 2024 kipimo cha hisa ndogo cha BSE kilianguka kama 5% siku moja, kipindi ambacho SEBI walikuwa wamesema bei za hisa hizo zimevimba. Ukiwa na hisa kama hizo toka mapema, hata Februari.

Hatua ya 7: fyucha na opsheni, pita mbali

Hiyo ni mikataba ya kubashiri bei ya mbele. Kila mwisho wa mwaka kuna kijana ana skrini ya faida ya opsheni za Nifty. SEBI wenyewe walifanya utafiti wakatoa Septemba 2024: watu binafsi waliocheza fyucha na opsheni miaka mitatu hadi Machi 2024, 93% walipoteza, jumla ya hasara inapita rupia krore laki 1.8, yaani krore 180,000. Sina la kuongeza. Na zile grupu za WhatsApp zinazokuweka ndani bila kuomba, "profesa" anatoa hisa za uhakika za mwisho wa mwaka, toka. Mshauri halali ana namba ya usajili ya SEBI na unaweza kuitafuta kwenye tovuti yao kabla hujatuma rupia moja.

Hatua ya 8: sawazisha mzigo, na uitazame rupia

Ukishamaliza mambo ya kodi ndo unaangalia mzigo wote umekaaje. Mimi napenda mfuko unaofuata kipimo cha Nifty uwe nusu kwenda juu, kampuni chache ninazozijua, dhahabu kidogo kupitia mfuko wa sokoni, na pesa taslimu ya miezi sita. Tuseme ulipanga hisa 60% na mwaka umekuwa mzuri zikafika 72%. Ile laki na robo ya hatua ya 5, badala ya kununua tena hisa ileile, hamishia huko kwenye dhahabu ama pesa taslimu. Kazi mbili kwa muamala mmoja.

Rupia sasa. Hii ni yetu sisi wa nje peke yetu. Faida ya 10% kwa rupia sio 10% kwa shilingi wala dola. Desemba 2025 dola moja ilivuka rupia 90 kwa mara ya kwanza, kwa hiyo mtu wa INDA ama NRI anayehesabu kwa dola aliona faida yake inayeyuka huku binamu wa Rajkot akisherehekea. Kama pesa hiyo ni ya kutumia huku, karo au nyumba ya Nyali, weka hesabu yako kwa sarafu utakayotumia. Kama ni ya kustaafu Bhuj kule Kutch, rupia ikishuka ndo wakati wa kupeleka zaidi.

Na kama huna muda wa haya yote, weka ununuzi wa kila mwezi unaojiendesha wenyewe, SIP, kwenye mfuko wa Nifty, na usiuguse. Tarehe 23 Machi 2020 Sensex ilianguka pointi 3,934 siku moja, dunia imefungwa, Nifty ikafunga 7,610. Waliokuwa na ununuzi wa kujiendesha ulinunua tarehe zake kama kawaida, hata hawakujua. Wale tuliokuwa macho tukitazama skrini ndo tuliouza.

Hatua ya 9: Aprili hadi Julai

Ikifika wiki ya pili ya Aprili ripoti ya mwaka mzima inakuwa imekamilika, ipakue, ifananishe na taarifa ya mwaka iliyoko kwenye tovuti ya kodi ya India, inaitwa AIS, humo wanaona kila ulichouza na kila gawio. Gawio NRI anakatwa kodi kabla ya kupokea, na Kenya na Tanzania zote zina mkataba wa kodi na India unaoweza kupunguza hicho kiwango, ila lazima uwe na cheti cha ukaazi wa kodi cha KRA au TRA, na kukipata huchukua muda kwa hiyo kiombe mapema.

Halafu jaza ritani kabla ya tarehe ya mwisho, kwa wengi ni 31 Julai. Ukichelewa bado unaweza kujaza hadi 31 Desemba na faini, lakini ile hasara uliyovuna kwa jasho Machi, ambayo ungeweza kuibeba miaka 8 mbele ikikata faida, inapotea. Binamu yangu mmoja alijaza Septemba kwa sababu alikuwa harusini Kampala, harusi yenyewe ilikuwa Mei. Na siku hiyohiyo unayojaza, ingia kwenye akaunti ya demati uangalie jina la mrithi limeandikwa, na kama bado ni la marehemu mzee, badilisha.